Hesabuni miche iliyo hai shambani, si chupa zilizotoka maabara: barua ya wazi kuhusu mimea ya dawa

Kwa: Mkurugenzi na wakuu wa idara ya uzalishaji wa miche ya mitishamba
Nakala: Maafisa wa misitu na wa kilimo katika kaunti zinazopokea miche hiyo

KUH: MICHE YA TISHU KALCHA YA MUTHIGA, MWIRI, MUKOMBERO NA MSANDALI

Mheshimiwa Mkurugenzi, pamoja na wakuu wa idara,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni watunza vitalu na mafundi wa maabara. Kazi yetu ya kila siku ni miche ya mitishamba, tangu kifundo (kipande cha tawi chenye jicho) kinapokatwa kwenye mti mama hadi mche unapoingia shimoni. Tumewaandikia barua tatu kuhusu haya yaliyomo humu. Ya kwanza mlijibu kwamba imepokelewa. Mbili zilizofuata hazikujibiwa. Tulipokuja ofisini tuliambiwa tusubiri kikao. Msimu umepita na mwingine umeingia, na magari yangali yanashusha trei za miche ambayo sisi, kwa kuitazama tu, tunajua haitafika mwezi wa pili. Ndiyo sababu leo tunasema mbele ya watu.

Hatupingi tishu kalcha, yaani kukuza mche ndani ya chupa maabara kutokana na kipande kidogo cha mmea. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa migomba nchini Kenya wameona jinsi mche wa chupa unavyoingia shambani bila minyoo ya mizizi wala fukusi wa mgomba. Mimea ya dawa inaihitaji njia hii pengine kuliko mgomba. Mwiri, ambao wataalamu huuita Prunus africana, gome lake huuzwa Ulaya kwa ajili ya dawa ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Msandali wetu wa Afrika Mashariki uliingizwa kwenye udhibiti huo mwaka 2013. Muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi, huchunwa gome kuzunguka shina lote hadi mti unakauka ukiwa umesimama. Mukombero wa Kakamega huchimbwa mzizi, na mzizi ukishatoka mmea umekwisha. Kila mche unaofia kwenye trei maana yake ni gome lingine litakalochunwa msituni, na hapo ndipo panapotuuma.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnahesabu chupa, hamhesabu miti

Ripoti zenu zinasema miche mingapi imezalishwa na mingapi imegawiwa. Hatujaona hata moja inayosema mingapi iko hai. Mche ukishapakiwa garini, kwenu umekamilika. Kwetu sisi ndipo kazi inaanza. Hakuna afisa aliyerudi kitaluni baada ya miezi mitatu kuhesabu, wala aliyefika shambani baada ya mwaka. Maadamu fundi wa maabara anapimwa kwa idadi ya chupa, atazalisha chupa. Mengi yaliyomo katika barua hii yanatokana na kipimo hicho kimoja, nasi hatuwalaumu mafundi wenu kwa kutimiza walichoagizwa.

2. Miche inaletwa bila kuzoeshwa

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa kuwa miche mingi inafia hapa.

Mche uliolelewa kwenye chupa haujawahi kupigwa na upepo. Unyevu wa hewa humo unakaribia asilimia 100, sukari ya gramu 30 kwa lita inaulisha, na mwanga wake ni wa taa kwa saa 16. Jani lake kwa hiyo halina nta ya kutosha, na vitundu vyake vya kupumulia havifungi sawasawa. Ukiutoa na kuuacha mezani saa sita mchana, robo saa haiishi jani limejikunja. Mizizi yake, hata ikiwa mirefu na mieupe ya kupendeza, mara nyingi haina vinyweleo vya kufyonza maji.

Miche tunayoshushiwa imetolewa kwenye chupa siku mbili au tatu kabla ya safari. Agari, ile jeli yenye chakula ambamo mche hukuzwa chupani, bado imeng'ang'ania mizizi. Ukiishika kidole kinateleza. Agari ile ina sukari, na sukari ikiingia udongoni ukungu unaifuata. Siku ya nne unaona nyuzi nyeupe kwenye shingo ya mche. Siku ya sita shingo imekuwa ya kahawia na nyembamba kama uzi wa kushonea, na mche umelala. Hapo hakuna dawa itakayouinua.

Kuzoesha si siri wala si anasa. Mche hushikwa kwa jani, si kwa shina, ukaoshwa mizizi kwenye maji ya vuguvugu hadi ule utelezi uishe. Hupandwa kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mto, udongo wa msituni na makumbi ya nazi yaliyosagwa, uliopikwa kwa mvuke ndani ya pipa kwa saa moja na kupozwa siku mbili. Trei huwekwa kwenye handaki la polithini nyeupe lililovutwa juu ya fito zilizopindwa, chini ya neti ya kivuli cha asilimia 70. Siku tisa au kumi za mwanzo handaki halifunguliwi ila kwa kunyunyiza maji mepesi kama ukungu asubuhi na jioni. Kuanzia hapo hufunguliwa ncha moja kwa saa moja asubuhi, kisha saa mbili, kisha ncha zote mbili, hadi wiki ya nne polithini inapoondolewa kabisa. Mbolea ya maji haitiwi kabla ya jani jipya kutokea, na hata hapo hutiwa nusu ya kipimo. Jani hilo jipya ndilo la kutazamwa: limeota nje ya chupa, lina nta yake, na ndilo litakaloulisha mche. Yale ya zamani yatapukutika, na yasimtishe mtu.

Liko jambo moja ambalo maabara nyingi hulisahau. Udongo uliopikwa umekufa, na mwiri huishi kwa ushirika na kuvu wa mizizini. Mche ukishatulia, wiki ya tano hivi, weka kijiko cha udongo uliochotwa chini ya mwiri mzima wenye afya. Ukitiwa mapema, udongo huo mbichi unaweza kuleta ugonjwa wa shingo. Usipotiwa kabisa, mche unadumaa na kuwa wa manjano, na watu wanazidisha mbolea bila faida.

Msandali una shida yake peke yake. Ni mmea unaojisaidia kwa mizizi ya jirani: hutoa vifyonzo vinavyoshika mzizi wa mti mwingine na kunyonya maji na chumvi. Mmetuletea msandali wa chupa ukiwa peke yake kwenye pakiti, bila mwenyeji. Utaishi miezi kadhaa, kisha utasimama pale pale. Mwenyeji lazima aingie katika pakiti ile ile mapema. Kichaka cha Rhus natalensis, ambacho huota pamoja na msandali porini, kingefaa. Mwenyeji akizidi kimo apogolewe, asije akauziba mche kwa kivuli.

Tena kuna kalenda. Trei zimekuwa zikifika Januari na Agosti. Mche unaoondoka kwenu Januari ukiwa haujazoeshwa unakutana na jua kali la ukame, na anayeupokea hana maji. Mche wa kupandwa kwa mvua ya masika ulipaswa kutoka chupani Novemba, ukazoeshwa, ukakuzwa kwenye pakiti, ukafika shambani mvua inapoanza Machi ukiwa na shina gumu kiasi cha kalamu ya risasi.

3. Miche yote inatoka kwa mti mama mmoja au miwili

Tukiuliza mti mama uko wapi, tunaambiwa ni mti bora. Labda ni bora kweli. Lakini msitu hauwezi kurudishwa kwa mti mmoja ulionakiliwa. Ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote, na mche wenye maumbile yale yale ukisambazwa kutoka Meru hadi Nandi tumepoteza uwezo wa miti ya kila mahali kuhimili hali ya kwao. Kwa msandali kosa hili ni kubwa zaidi, maana ule una miti ya kiume na miti ya kike. Mkinakili mti wa kike tu, shamba zima halitatoa mbegu hata moja, na mvunaji haramu anayeng'oa mizizi hatakuwa amewaachia kitu.

Mtasema miti mama mingi inachelewesha kazi. Tufanye hesabu pamoja. Chukueni kifundo kimoja kinachotoa vitatu kila wiki tano, yaani kila mzunguko wa kukatwa na kupandwa upya chupani. Baada ya mizunguko sita, yaani wiki 30, mna 729. Sasa chukueni miti mama 30, kifundo kimoja kwa kila mti, kwa mizunguko minne tu: 81 mara 30 ni 2,430, ndani ya wiki 20. Hata theluthi yake ikiharibika kwa uchafu, bado mko mbele, na mimea yenu imepita mikononi mwa homoni mara chache.

Shida halisi ni kuanzisha, na hilo tunalijua vizuri. Kifundo kilichokatwa kwenye mti mzee msituni kinakuja na vumbi, ukungu na bakteria walioko hadi ndani ya tishu, ambao hakuna Jik itakayowafikia. Wengine hujitokeza mzunguko wa tatu, mkiwa mmeshafurahi. Basi msikate msituni na kuingiza chupani siku ile ile. Chukueni vikonyo mvibebeshe kwenye miche ya mbegu kitaluni, au tumieni machipukizi yanayotoka chini ya shina, ambayo bado yana ujana na huota mizizi kwa urahisi zaidi. Mpigeni mti mama dawa ya ukungu kwa wiki mbili, mmwagilie udongo na si majani, ndipo mkate chipukizi laini. Maji ya bomba na sabuni nusu saa. Pombe ya asilimia 70 kwa nusu dakika. Jik sehemu moja kwa maji sehemu nne, pamoja na matone mawili ya sabuni ya maji, dakika 10 hadi 15. Kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyopita kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu.

Kifundo cha muthiga au cha mwiri kikiguswa na kisu hutoa rangi. Siku ya pili agari iliyokizunguka imekuwa kama chai ya rangi, na siku ya tano kifundo chenyewe kimekufa kwa sumu yake. Kilowekeni kwenye vitamini C, miligramu 100 kwa lita, kabla ya kukipanda. Kiwekeni gizani wiki ya kwanza. Kihamishieni kwenye agari mpya baada ya siku tatu bila kusubiri. Mkaa wa maabara, gramu 1 au 2 kwa lita, husaidia, ila nao hufyonza homoni pamoja na ile rangi, kwa hiyo anayetia mkaa bila kutazama upya kipimo cha homoni asishangae chipukizi likikataa kutoka. Mukombero una utomvu mweupe: ukateni ndani ya maji, mwoshe hadi utomvu ukome, la sivyo unaziba ncha na kifundo hakinywi.

4. Homoni nyingi na mizunguko mingi

Miche inayotufikia ina majani mazito yanayong'aa kama kioo, shina linalokatika kama tango bichi, na machipukizi yamesongamana kama ufagio. Dalili hizi kila fundi anazijua. Ni BAP (homoni ya kuchipusha) iliyozidi, agari laini kupita kiasi, au kifuniko kisichopitisha hewa. Katika mchanganyiko wa kawaida wa chakula cha chupani wa Murashige na Skoog, ule wa 1962, mimea mingi ya miti huanza vizuri kwa BAP ya miligramu 1 kwa lita au chini ya hapo. Ikipandishwa mara nne machipukizi yanaongezeka kwa macho, na idadi kwenye ripoti inapendeza. Lakini chipukizi hilo linabeba homoni hadi kwenye hatua ya kuota mizizi, na linakataa mizizi hata ukilipa IBA (homoni ya mizizi) ya kutosha kwenye mchanganyiko wa nusu nguvu.

Tunauliza pia: miche hii inatokana na vifundo, au inatokana na lile donge la seli lisilo na umbo? Kifundo kina jicho lake tayari, na kinachotoka kwa kawaida ni mfano wa mama. Mche uliopitia donge huweza kugeuka tabia, na kwa mmea wa dawa hilo ni zito, kwa sababu kinachotafutwa hakionekani kwa jicho. Muthiga usiowasha ulimini si dawa kwa mzee wa mitishamba. Mukombero usio na ile harufu inayofanana na vanila hakuna atakayeutafuna wala kuununua. Mmepima? Kama mmepima, tuonyesheni. Na msipime gome la mche wa mwaka mmoja mkalilinganisha na la mti wa miaka 20, kwani kemikali hizo huongezeka na umri. Linganisheni mche wa chupa na mche wa mbegu wa umri huo huo, kwenye udongo huo huo.

5. Mnatumia chupa pale mbegu ingetosha

Mbegu ya muthiga na ya mwiri haitaki kukaushwa wala kuwekwa ghalani. Ikikauka imekufa, na hapo ndipo lilipotoka neno kwamba miti hii haioti kwa mbegu. Okoteni tunda la mwiri likiwa limeiva na kugeuka zambarau, mtoe nyama, msianike juani, mpande ndani ya siku chache: litaota, na kwa gharama ndogo kuliko chupa. Mwiri hauzai sawa kila mwaka, na msitu uliochunwa una miti michache ya kuzaa. Miaka hiyo chupa ina kazi yake, kama ilivyo kwa miti iliyochaguliwa kwa wingi wa dawa. Ila mwaka ambao matunda yametapakaa chini ya miti kisha mnaagiza agari, hatuwaelewi.

6. Wenye miti mama hawatajwi

Wazee walioonyesha miti ile, na jamii zinazoilinda, hawamo kwenye karatasi yoyote tuliyoiona. Kanuni za 2006 za kugawana faida ya rasilimali za kijenetiki zipo, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi ya 2016 ipo. Tunataka kuona makubaliano yaliyoandikwa.

Tunajua mtakayosema. Mtasema mkulima hakumwagilia. Basi leteni trei mbili za kundi moja, moja iliyozoeshwa wiki nne na moja iliyotoka chupani juzi, tuziweke kwenye kitalu kimoja, tuzimwagilie kwa kopo moja, mje kuhesabu baada ya siku 30. Mtasema fedha hazitoshi. Handaki la kuzoeshea ni polithini na fito. Sukari ya dukani hufanya kazi ya sukari ya maabara, na chupa ya jemu yenye kifuniko kinachostahimili joto la nyuzi 121 inatosha. Ghali kweli ni mche ambao umeshalipiwa agari, umeme na mshahara kwa miezi saba, kisha unakufa kwa kukosa wiki nne za handaki. Mtasema hamna watu wa nyanjani. Sisi tupo, tena tunafahamu kazi.

Tunaomba mambo haya yatekelezwe kabla ya trei za msimu ujao kutoka. Kwanza, ripoti zenu zitaje miche iliyo hai baada ya miezi mitatu na baada ya 12, ikihesabiwa na mtu asiye wa maabara. Pili, mche wowote usitoke kwenu bila kuzoeshwa wiki nne na kuwa na angalau majani mawili yaliyoota nje ya chupa. Na msandali usitoke bila mwenyeji wake. Tatu, kila trei iwe na kibandiko chenye jina la mmea, mahali ulipo mti mama, namba yake, tarehe ya kuanzishwa, idadi ya mizunguko na kama umetokana na kifundo. Nne, miti mama isipungue 30 kwa kila aina, kutoka misitu tofauti, na ya msandali iwe ya jinsia zote mbili. Mizunguko isizidi sita kabla ya kuanza upya kutoka kwa mama. Tano, matokeo ya vipimo vya kemikali yatolewe hadharani. Sita, makubaliano na jamii zenye miti mama yaonyeshwe.

Hadi hapo, vitalu vyetu havitapokea trei zisizo na kibandiko wala zile zenye agari mizizini. Tutazirudisha kwa gari lile lile lililozileta, na kila tunachokirudisha tutakipiga picha. Tuko tayari kukutana nanyi siku yoyote mtakayoichagua, kitaluni, penye trei mbele yetu.

Wenu katika kazi,

Watunza vitalu na mafundi wa maabara ya miche ya mitishamba